Daftari la Wiki: Njiwa Aliyeponyoka Makuchani

Kuponyoka si kupona

Katika mitaa ya Matisi, wadi ya eneo bunge la Saboti iliyo pembeni mwa mji wa Kitale, na vilevile katika vijiji vya upande wa Bungoma, njiwa hufugwa katika vijumba vya mbao vilivyotundikwa ukutani au kusimamishwa juu ya nguzo, na ulinzi wao mara nyingi huachiwa watoto. Maadui wa ndege hao wanajulikana: usiku ni paka, kanu na kicheche, na mchana ni mwewe na kipanga. Njiwa akichopoka kutoka kwa adui akiwa hai, wenye nyumba hushukuru Mungu na kumrudisha bandani pamoja na wenzake, ilhali saa 24 zinazofuata ndizo zenye hatari kubwa zaidi, na ndizo ambazo mkono wa mfugaji unaweza kuokoa uhai au kuupoteza.

Tundu dogo la jino la paka

Ngozi ya njiwa ni nyembamba mno na imefunikwa na manyoya mengi, kwa hiyo jino la paka, ambalo ni jembamba kama sindano, huacha nukta nyekundu isiyoonekana kwa urahisi, nayo hujifunga juu huku uchafu ukibaki chini. Mdomoni mwa paka huishi bakteria iitwayo Pasteurella multocida, ambayo ikiingia katika damu ya ndege husababisha uambukizo wa mwili mzima na inaweza kumwua katika siku moja au mbili, hata kama jana yake alionekana mchangamfu. Ndiyo sababu madaktari wa ndege humhesabu kila ndege aliyetiwa jino na paka kuwa mgonjwa anayehitaji antibiotiki siku hiyohiyo, bila kungoja dalili.

Ukaguzi hufanywa kwa kupuliza manyoya yatengane, kuanzia mgongoni hadi chini ya mabawa, na jeraha likipatikana huoshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yaliyotiwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita. Mafuta ya kupaka hayafai, kwa kuwa huyagandisha manyoya yakashindwa kuhifadhi joto. Inzi nao wazuiwe, maana kidonda kikitagiwa mayai huingia funza.

Punje zinazotoka shingoni

Kucha za mwewe hutoboa na kuchana, na mahali panapoumia sana ni gole, yaani mfuko ulio chini ya koo ambamo ndege huweka punje kabla hazijashuka kwenye firigisi. Gole likipasuka, mfugaji huona punje ya mahindi ikichungulia katikati ya manyoya ya kifua, na njiwa akinywa, maji humtiririka kifuani badala ya kushuka tumboni, hivyo anaweza kufa kwa njaa na kiu akiwa mbele ya chakula. Jeraha hili lataka kushonwa mara mbili, kwanza ukuta wa gole peke yake, kisha ngozi, kwa sababu ngozi ikishonwa peke yake chakula huendelea kuvuja na kuoza chini yake. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, wala si ya sindano ya nyumbani.

Joto kabla ya chakula

Joto la kawaida la mwili wa njiwa hukaribia nyuzi 41 za Selsiasi, na ndege aliyetoka damu na kupata mshtuko hulipoteza haraka, hasa Kitale, mji ulio mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako usiku una baridi kali. Huduma ya kwanza, basi, ni boksi la katoni lenye matundu ya hewa, kitambaa safi chini, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa upande mmoja tu, ili mgonjwa aweze kusogea akiona joto limezidi. Boksi liwekwe penye giza na utulivu, mbali na watoto na mbwa.

Njiwa hana kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo na kuvuta pumzi kwa binadamu. Yeye hupumua kwa kupanua kifua chenyewe, hivyo anayembana kifuani kwa mkono humziba pumzi. Kosa jingine ni kummiminia maji mdomoni, kwani tundu la njia ya hewa liko nyuma ya ulimi na maji huingia mapafuni. Akishapata joto awekewe kikombe chenye kina kidogo, kwa kuwa njiwa huzamisha mdomo na kufyonza, tofauti na kuku anayeinua kichwa kila anapomeza. Bawa lililovunjika hufungwa likiwa limekunjwa kama linavyokaa kwa kawaida, pasipo kukaza kifua, na mfupa huchukua takriban wiki tatu kuunga.

Unga wa agroveti

Kimbilio la wengi ni agroveti, ambako antibiotiki ya kuku huuzwa ikiwa unga wa kuchanganywa na maji ya kunywa. Njia hiyo haimfai majeruhi, kwa kuwa ndege mwenye maumivu hunywa kidogo, na kwa hiyo dawa inayomfikia haitoshi kuua vijidudu bali yaweza kuvizoesha hadi vikawa sugu. Daktari humpima uzito kwanza (njiwa wa kufugwa huwa na gramu 300 hivi), kisha humpa kipimo chake kwa mdomo au kwa sindano.

Mwewe hana kesi

Ghadhabu ya mfugaji huishia kwenye sumu inayopakwa nyama, na sumu hiyo haichagui: hufa mwewe, hufa tai mzoga, hufa mbwa wa jirani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba ndege wala nyama wa Kenya wamepungua mno katika muda wa miaka 40, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda. Sheria hiyohiyo inamgusa anayemnasa pugi au tetere wa porini na kumfungia tunduni bila kibali. Mji wa Kitale una urithi wa kutosha wa kuwaheshimu viumbe hawa, kwani makumbusho yake yalitokana na mikusanyo ya Hugh Stoneham, mpenzi wa elimu ya viumbe aliyefariki mwaka 1966 akaiachia Kenya wadudu, wanyama na vitabu alivyovikusanya tangu utotoni.

Sababu nyingine ya kutomlaumu mwewe ni kwamba adui hukamata kwa wepesi ndege aliyekwisha kudhoofika, kwa hiyo njiwa akiliwa bila kurupuka inafaa waliobaki wachunguzwe kama wana kideri, ugonjwa unaowapinda shingo.

Kazi iliyobaki

Banda lenye wavu mgumu wa matundu madogo, nguzo iliyozungushiwa bati ili paka ateleze, na mlango unaofungwa kila jioni kabla ya giza, vyote vinazuia maumivu ambayo dawa haiwezi kuyafuta. Njiwa alitolewa porini na binadamu, akazoeshwa kurudi jioni mahali alipowekewa, na kwa hiyo usalama wa mahali hapo ni deni la aliyemfuga. Kila mwenye njiwa Matisi na alikague banda lake leo kabla jua halijatua.