Hata Marekani Wanabeti? Waulize California Kwanza

Wiki mbili zilizopita kuna mtu aliniingilia inboksi akijiita mratibu wa matangazo. Ofa yake ilikuwa tamu: dola 600 kwa video tatu fupi. Kwa mtu kama mimi, ambaye landilodi ameanza kunipigia na namba ngeni ndiyo nishike simu, hiyo si pesa ya kuangalia mara moja na kupita. Na kazi yenyewe rahisi. Niongee Kiswahili changu cha kawaida, nicheke kidogo, niwaambie Wakenya walioko California kwamba kuna kasino ya simu, ya bure, halali kabisa, unacheza ukiwa umejilaza kitandani.

Nikamuuliza swali moja tu: halali kwa sheria gani?

Akajibu: "Tulia buda. Hiyo ni Marekani. Huko kila mtu anabeti."

Hapo ndipo damu ilinipanda. Hiyo sentensi naisikia kila siku hapa Nairobi. Ukifungua mdomo kusema kamari inamaliza vijana, lazima atokee mmoja wa kukuambia hata Marekani wanabeti, ni nchi imeendelea, wewe ni nani? Utadhani Marekani ni kijiji kimoja chenye chifu mmoja.

Wacha niweke msimamo wangu mezani mapema. Anayekuambia kila kamari ya simu ni halali California anakudanganya. Na sisi watu wa kontenti tunaolipwa kuusambaza huo uongo, hatuwezi kujiosha ati tulikuwa tunatangaza tu. Tumo ndani.

Tuanze na hiyo "Marekani". Kwa kamari, kila jimbo lina sheria zake. Mwaka 1992 serikali ya taifa ilipitisha sheria iliyozuia kubeti michezo karibu kila mahali isipokuwa Nevada na majimbo machache. Mei 2018, Mahakama ya Juu ikaifuta hiyo sheria katika kesi iliyotoka New Jersey. Mahakama haikusema kila mtu abeti. Ilichosema, kwa ufupi, ni kwamba kila jimbo lijiamulie. Tangu hapo majimbo zaidi ya 35 yamefungua mlango. Lakini California, jimbo lenye watu wengi kuliko yote, karibu milioni 39, jimbo la Hollywood na la kampuni kubwa za simu na intaneti, mpaka leo halijaruhusu kubeti mpira. Si dukani, si kwa simu.

Na si kwamba walisahau. Waliulizwa.

Novemba 8, 2022, wapiga kura wa California walipewa maswali mawili. Pendekezo la 26 lilitaka kubeti michezo kuruhusiwe ana kwa ana, kwenye kasino za makabila ya wenyeji asilia na kwenye viwanja vinne vya mbio za farasi. Pendekezo la 27 lilitaka kubeti kwa simu, na nyuma yake walikuwepo majitu kama DraftKings, FanDuel na BetMGM. Na walijua kubembeleza. Walisema sehemu kubwa ya kodi itaenda kusaidia watu wasio na makao. Ukishaona picha za mahema yaliyojaa kando ya barabara za Los Angeles, utaelewa kwa nini walichagua huo wimbo.

Pande zote zilimwaga zaidi ya dola milioni 400. Watu wakapiga kura. Pendekezo la 27 likakataliwa na watu 82 hivi katika kila 100. Lile la 26 nalo likaanguka, karibu theluthi mbili wakisema hapana. Hiyo si kushindwa kidogo, hiyo ni kufukuzwa na mbwa.

Na usiniambie ni kwa sababu watu wa California ni watakatifu. Asubuhi ya siku hiyo hiyo ya uchaguzi ndiyo droo ya Powerball ilichezeshwa baada ya kuchelewa, na tiketi iliyonunuliwa kwenye kituo cha petroli pale Altadena, California, ikashinda dola bilioni 2.04. Wanapenda bahati kama sisi. Walichokataa ni kitu kingine: kasino isiyo na mlango wala saa ya kufunga, inayolala na wewe kitanda kimoja.

Sasa, nini kinaruhusiwa huko? Nitaeleza, kwa sababu wengi wanaotangaza hawajawahi kusoma hata ukurasa mmoja.

Kuna bahati nasibu ya jimbo. Wapiga kura waliipitisha 1984, tiketi za kwanza zikauzwa 1985, na kisheria angalau asilimia 87 ya mapato lazima irudi kwa watu kama zawadi na kama pesa za elimu ya umma. Kuna mbio za farasi, zilizoruhusiwa tangu 1933, kwenye viwanja kama Santa Anita na Del Mar. Hizo unaweza kuziwekea pesa hata kwa mtandao, kupitia kampuni zenye leseni. Kuna bingo za hisani, za makanisa na vikundi vya misaada. Kuna nyumba za karata, ambapo mnacheza poka nyinyi kwa nyinyi na mwenye nyumba anachukua ada yake tu. Haruhusiwi yeye kucheza dhidi yenu. Miji midogo kama Commerce na Hawaiian Gardens inategemea sana kodi za hizo nyumba.

Halafu kuna kasino kubwa, zenye mashine za sloti. Hizo ni za makabila ya wenyeji asilia peke yao, na hapa ndipo hadithi ina uzito. Kabila dogo la Cabazon, huko jangwani karibu na mji wa Indio, lilikuwa linaendesha bingo na karata kwenye ardhi yake. Serikali ikataka kulifungia. Likapigana mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na 1987 likashinda. Mwaka uliofuata, bunge la taifa likatunga sheria ya kamari za makabila. Mwaka 2000 wapiga kura wa California wakabadilisha katiba ya jimbo ili makabila yaweze kuingia mikataba na gavana. Makabila yasiyo na kasino, au yenye ndogo sana, nayo hupata mgao wa dola milioni 1.1 kwa mwaka kutoka kwa mfuko wa pamoja. Watu walionyang'anywa ardhi karibu yote walipata angalau njia moja ya kujenga hospitali na shule zao bila kuomba.

Katiba hiyo hiyo inakataza kasino za aina ya Nevada na New Jersey. Imeandikwa, na majimbo yametajwa kwa jina. Kwa hivyo mtu akikuambia kasino yake ya simu ni halali California, muulize imepitia mlango gani kati ya hiyo niliyotaja. Ni bahati nasibu? Ni farasi? Ni kabila?

Jibu ni kwamba imepita dirishani. Hizi kasino za "bure" zinafanya hivi: unapewa sarafu za aina mbili. Moja ni ya kujifurahisha, haina thamani. Ya pili unaweza kuigeuza kuwa dola. Ukinunua zile za kujifurahisha, wanakuongezea zile za pili kama zawadi. Kwa hivyo wanasema, sisi hatuuzi kamari, tunauza sarafu za kuchezea, hiyo nyingine ni promosheni kama ya soda. Ni kama mtu akuuzie kiberiti kwa elfu mbili, akupatie chang'aa "bure", halafu polisi wakija aseme yeye ni mfanyabiashara wa viberiti. Wahenga walishasema, penye urembo ndipo penye urimbo.

Kuna kaka mmoja anayenifuata, anafanya kazi ya kutunza wazee huko California, zamu ya usiku. Aliniandikia mwaka jana. Saa tisa usiku mzee amelala, nyumba kimya, yeye na simu. Alianza na dola tano. Baada ya miezi michache alikuwa amemaliza pesa alizokuwa anaweka za kumletea mama yake, zile za kumalizia nyumba kijijini. Siku moja akashinda vizuri, akajaribu kutoa. Wakamwambia atume kitambulisho. Akatuma. Atume tena. Akatuma. Atume bili ya stima. Mwishowe akaunti ikafungwa. Akaniuliza: "Ndugu yangu, naweza kushtaki wapi?"

Sikuwa na jibu. Ukidhulumiwa kwenye nyumba ya karata California, kuna tume ya jimbo ya kudhibiti kamari. Ukidhulumiwa kwenye farasi, kuna bodi ya mbio za farasi. Kwa kasino ya dirishani, unamlalamikia nani? Leseni haina, ofisi iko ng'ambo, na wewe unaogopa hata kumwambia mke wako. Ndiyo maana naomba tuache kutumia neno "halali" kama pambo la tangazo. Uhalali maana yake ni kwamba kuna mahali pa kulilia.

Oktoba 2025, gavana Gavin Newsom alitia saini mswada AB 831, na kuanzia Januari 1, 2026 hizo kasino za sarafu mbili zimepigwa marufuku California. Na sheria haikuishia kwa wenye kasino. Inawagusa pia wanaowasaidia kwa kujua: wanaopitisha malipo, wanaotengeneza michezo yenyewe, na washirika wa matangazo. Faini ni kati ya dola 1,000 na 25,000, au mpaka mwaka mmoja jela ya kaunti, au zote mbili.

Washirika wa matangazo. Mnaona vile huyo mratibu alikuwa ananipeleka? Kwa dola 600?

Najua mtanijibu. Wa kwanza atasema hiyo sheria ilisukumwa na makabila yenye kasino kubwa, yanalinda biashara yao. Ni kweli yaliisukuma. Yapo pia makabila madogo yaliyoipinga, kwa sababu yaliona mtandao kama nafasi yao. Silifichi hilo. Lakini mwenye duka akilalamika kuhusu mwizi, haimaanishi mwizi si mwizi ati kwa sababu mwenye duka anafaidika akishikwa.

Wa pili atasema mbona bado kuna mianya? Ipo. Julai 2025 Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Rob Bonta, alitoa maoni kwamba ile michezo ya kuunda timu za kufikirika kwa pesa ni kamari haramu. Gavana mwenyewe hakukubaliana naye, na kampuni zikaendelea na kazi. Kuna pia masoko ya ubashiri kama Kalshi, yanayosema wao hawabetishi, wanauza mikataba ya kifedha chini ya msimamizi wa taifa. Makabila matatu yamewapeleka kortini. Lakini mwanya ukiwepo kwa ukuta, dawa ni kuuziba, si kubomoa nyumba nzima.

Wa tatu, na huyu ndiye namheshimu zaidi, atasema: mtu mzima acheze na pesa yake. Sawa. Sipingi mtu mzima. Lakini watu wazima wa California waliulizwa waziwazi, kwa kura ya siri, kama wanataka hii kitu kwa simu zao, na wakasema hapana kwa sauti kubwa. Kampuni inayowapelekea hiyo kitu kwa njia ya pembeni haiheshimu uhuru wa mtu mzima. Inaheshimu kadi yake ya benki.

Na sisi huku tusijifanye watazamaji. Aprili 2025 bodi yetu ya kamari ilisimamisha matangazo yote ya kubeti kwa siku 30, na nyinyi wenyewe mliona vile baadhi yetu tulilia kuliko kampuni zenyewe. Soko la nyumbani likibanwa, matangazo yanatafuta Wakenya walioko ng'ambo, na sauti inayotumika kuwafikia ni hii yetu, Kiswahili chetu, utani wetu. Yule kaka hakudanganywa na Mzungu. Aliona video ya mtu wa nyumbani.

Mratibu nilimjibu kwa kumtumia AB 831 yenyewe. Akaisoma, akanyamaza, akaniblok. Landilodi nimeelewana naye nilipe nusu sasa, nusu tarehe kumi. Nitajua vile nitafanya.

Kwa nyinyi mlioko California: kama imekushika, piga 1-800-GAMBLER. Ni bure, na jimbo lina matibabu ya bure kwa wakazi wake na hata kwa watu wa familia. Kwa wenzangu wa kontenti: hiyo ofa ikikufikia, na itakufikia, uliza swali moja tu kabla hujataja bei. Halali kwa sheria gani?