Mbona waya wa meno hubadilishwa kila mara?

Mzazi, usikasirike mwanao akirudi kutoka kwa daktari wa meno akiwa amefungwa waya mwembamba mno, kisha baada ya wiki kadhaa uambiwe ubadilishwe. Wengi hudhani wanakamuliwa pesa tu. La hasha! Kila waya una kazi yake.

Wa kwanza aghalabu hutengenezwa kwa nikeli na titaniamu, karibu nusu kwa nusu. Mchanganyiko huu uliundwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, na katika miaka ya 1970 Dkt George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa akauleta kwenye matibabu ya meno. Ajabu yake ni kwamba ukiupinda, hutaka kurudi ulivyokuwa. Ndiyo sababu ukifungwa kwenye meno yaliyokwenda upande, huyavuta polepole kwa wiki nyingi. Nguvu ndogo ndiyo itakikanayo hapo, kwani jino likivutwa kwa nguvu mno, mzizi wake waweza kulika. Baadhi ya nyaya hizi hulegea zikipata baridi na kukaza kwa joto la mdomo. Basi mtoto akilalamika, mpe maji baridi. Huenda akapata nafuu kwa muda.

Meno yakishajipanga, daktari huhitaji waya mgumu zaidi, anaoweza kuukunja kwa koleo na ukabaki vivyo hivyo. Hapo huja ule wa chuma kisichoshika kutu. Meno huteleza juu yake vizuri wakati wa kuziba mapengo, tena bei yake ni nafuu, jambo ambalo mlipaji hawezi kulidharau.

Lakini je, binti yako huwashwa na kutokwa na upele avaapo herini za bei rahisi? Mweleze daktari kabla hajafunga chochote, kwani huenda nikeli inamdhuru. Hata chuma kisichoshika kutu kina nikeli kiasi, ingawa haitoki kwa urahisi. Zipo nyaya za titaniamu zisizotiwa nikeli kabisa, hivyo usiogope kuuliza.

Na ncha ya waya ikimdunga shavuni, usiikate kwa koleo lako la nyumbani, maana kipande chaweza kumezwa. Ifunike kwa nta aliyopewa na daktari, kisha umrudishe kliniki.