Wapemba Waelezwe Haki Zao
Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatambua kuwa raia Wapemba wa Pwani, ambao wazee wao walivuka bahari kutoka kisiwani Pemba. Hatua hiyo twaipongeza. Lakini uraia si cheti cha kufungiwa sandukuni. Mzee aliyetimiza miaka 70 na asiye na pensheni aweza kuomba shilingi 2,000 kila mwezi katika mpango wa Inua Jamii. Jamaa zake nao wajiandikishe katika bima ya afya. Waliozoea kuwakimbia askari huogopa ofisi, na hapo ndipo walaghai hupata mwanya. Twawasihi machifu wawaendee vijijini, wawaeleze bayana kwamba kujiandikisha ni bure, wala kitambulisho hakiachwi mikononi mwa mtu.