Kununua nyumba kabla ya kuuza ya zamani: mtaji wa duka ndio unaoumia

Imekuwa mazoea kwa wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam wanaotaka kuhama kulipia nyumba mpya kwanza, kisha kutafuta mnunuzi wa ile ya zamani. Husema kuwa bei nzuri haisubiri, na nyumba ya zamani "itauzika tu". Maneno hayo mawili yamekula mitaji mingi.

Zamani walikuwa na sababu. Mwaka 1994 na 1995 mfumuko wa bei ulizidi asilimia 25, na aliyeuza nyumba akakaa na shilingi mkononi miezi sita aliona saruji na bati vikimkimbia. Kushika nyumba mbili ilikuwa kinga. Lakini mwaka 2024 mfumuko ulikuwa karibu asilimia 3. Sababu imekwisha, mazoea yamebaki.

Tuchukue mfano wa mwenye duka la vitambaa Kariakoo, anayeishi Tabata katika nyumba anayoithamini kwa Sh. milioni 180. Ameona nyumba Goba kwa Sh. milioni 220. Anatoa asilimia 30, yaani Sh. milioni 66, fedha zilizokuwa za mzigo, na anasaini mkataba wa kumaliza Sh. milioni 154 katika siku 90, la sivyo malipo ya awali yanapotea. Wiki ya kwanza madalali wanaleta watu. Wiki ya sita wanaleta maswali. Wiki ya kumi anakuja mtu mmoja mwenye fedha taslimu na kutaja Sh. milioni 150.

Hapo hesabu inageuka. Dalali akichukua asilimia 5, inabaki Sh. milioni 142.5, na kodi bado haijaguswa. Deni la Goba ni milioni 154. Pengo linazibwa na duka, ambalo tayari limepungukiwa mzigo na sasa linachukua bidhaa kwa mali kauli. Na akikimbilia benki kukopa hizo milioni 154 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, riba peke yake ni karibu Sh. milioni 2.2 kila mwezi nyumba ya Tabata ikiwa bado haina mnunuzi. Madalali hawana haja ya kuambiwa haya. Mwenye nyumba anayepiga simu mara tatu kwa siku anajulikana, na habari hiyo humfikia mnunuzi kabla ya bei.

Ieleweke pia kwamba kupata mnunuzi si kupata fedha. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Uthamini lazima ufanyike, na kodi ya faida ya mauzo, asilimia 10 kwa mkazi isipokuwa pale sheria inapotoa nafuu kwa makazi binafsi, ilipwe TRA kabla Msajili wa Hati hajahamisha umiliki. Mnunuzi mwangalifu hatoi fedha yote kabla ya hatua hizo, na siku 90 za Goba hazimsubiri.

Kibaya zaidi ni kuweka hati ya nyumba ya zamani dhamana ili kupata fedha za nyumba mpya. Mnunuzi akifanya upekuzi kwa Msajili, anakuta jina la benki. Wengine huondoka siku hiyo hiyo. Wanaobaki hupunguza bei.

Wapo wanaosema kuuza kwanza ni kujitupa kwenye nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima. Ni kweli, na kuhamisha makabati mara mbili si starehe. Lakini pango la Sh. 500,000 kwa mwezi ni Sh. milioni 6 kwa mwaka. Muuzaji wa Tabata aliyebanwa na siku 90 alipoteza milioni 30 kwa mkupuo mmoja. Na mwenye fedha taslimu huko Goba ndiye anayepunguziwa bei, kama alivyopunguziwa yule wa Tabata.

Mwenye kipato kingine nje ya duka, anayeweza kushika nyumba zote mbili mwaka mzima bila kugusa mzigo, anaweza kununua kwanza na hata kupangisha ya zamani akingoja bei yake. Hao si wengi. Kwa wengine, lililo karibu ni kuuza kwa mkataba unaomruhusu muuzaji kubaki ndani miezi mitatu au minne akimlipa mnunuzi pango, na kwa nyumba mpya kudai malipo ya awali madogo na muda mrefu zaidi, yote yakiandikwa mbele ya wakili. Mwenye nyumba wa Goba akikataa siku 180, basi aachiwe nyumba yake. Goba viwanja na nyumba za kuuza bado vipo.