Karafuu Zetu na Maradhi ya Saratani

Wanachama wetu wengi wanazo simu mkononi siku hizi, na katika simu hizo tangu msimu uliopita imekuwa ikizunguka khabari moja inayotuhusu sisi kuliko watu wengine. Khabari yenyewe ni kwamba karafuu huponya saratani. Mgonjwa achemshe punje kadhaa, anywe asubuhi na jioni kwa siku arobaini, na uvimbe utayeyuka. Wala hana haja ya kupasuliwa wala kuchomwa kwa miale. Baadhi ya wanachama wametuletea khabari hiyo kwa furaha, na wawili watatu wametaka Chama kiichapishe juu ya pakiti zinazouzwa kwa wageni, maana, wasema, bei itapanda.

Twapenda kusema wazi kwamba hatukubali. Na sisi wenye kuuza karafuu ndio inaotupasa kukataa mbele ya watu wengine wote, kwa kuwa faida ya uongo huo yatujia sisi.

Si kwamba karafuu haina kitu. Mafuta yake yana eujenoli, ambayo hutia ganzi jino linalouma, na madaktari wa meno wameitumia miaka mingi kwa kuichanganya na unga wa zinki wa kuzibia meno. Ni kweli pia kwamba wataalamu wameitia eujenoli juu ya chembe za saratani katika vyombo vya maabara, na chembe zikafa. Huko ndiko ilikoanzia khabari hii. Lakini chembe iliyomo chomboni si mtu. Hata chumvi ukiizidisha katika chombo kile itaua chembe, na dawa ya kufulia nguo nyeupe itaua upesi zaidi, wala hapana anayemwambia mgonjwa ainywe. Dawa kabla ya kuitwa dawa lazima ijaribiwe kwa wanyama, kisha kwa watu wachache, kisha kwa watu wengi wakilinganishwa na wenzao waliopata matibabu ya kawaida. Hakuna majaribio ya namna hiyo yaliyoonyesha kwamba karafuu imemponya mtu saratani. Na mafuta ya karafuu yakinywewa hayana mzaha: wapo watoto wadogo waliokunywa kidogo tu wakadhurika ini.

Asidhani mtu kwamba twadharau miti. Liko ua dogo, la rangi ya waridi au jeupe, ambalo asili yake ni Bukini na ambalo watu hulipanda mbele ya nyumba kwa uzuri wake. Katika majani ya mmea ule zimepatikana dawa mbili kubwa za saratani, vinblastini na vinkristini, na hii ya pili mpaka leo yatumika kwa watoto wenye saratani ya damu. Lakini hakuna daktari anayemwambia mzazi akachume majani achemshe. Dawa ile hutolewa katika jani kwa kazi kubwa, hupimwa kwa miligramu na kutiwa mshipani, kwani ikizidi huua.

Mfano wa kinyume chake ni kokwa za aprikoti. Miaka ya 1970 watu wengi wa Marekani waliaminishwa kwamba dawa iitwayo Laetrile, iliyotokana na kokwa hizo, huponya saratani. Wauzaji wakaipa na jina la vitamini B17, ingawa si vitamini. Kelele zilipozidi, madaktari waliijaribu kwa wagonjwa 178, na matokeo yakatolewa mwaka 1982: hakuna aliyepona, na wengine walionyesha dalili za sumu ya sianidi, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya kokwa. Zaidi ya miaka 40 imepita, na kokwa zile bado zauzwa kwa njia ya intaneti kwa jina lile lile.

Huenda mtu akauliza, kikombe cha maji ya karafuu kitamdhuru nani? Kikombe chenyewe hakina neno. Anayetaka kutia karafuu katika chai ya mgonjwa wake na atie. Khatari imo katika zile siku arobaini, na arobaini nyingine zinazofuata. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Waliwatazama wagonjwa 281 ambao saratani yao ilikuwa haijaenea mbali mwilini, nao wakaacha matibabu ya hospitali na kushika njia nyingine peke yake. Khatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili na nusu ya wenzao waliotibiwa. Kwa wanawake wenye saratani ya ziwa ilizidi mara tano. Wala watu hao hawakuwa wajinga, maana waliochagua njia hiyo walikuwa zaidi wale wenye elimu na mapato mazuri.

Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2021, ulichukua makala 200 za saratani zilizosambazwa kuliko nyingine katika Facebook na mitandao kama hiyo. Karibu theluthi moja zilikuwa na mambo ya uongo, na nyingi katika hizo zingeweza kumdhuru anayezifuata. Tena zile za uongo zilipendwa na kupelekwa mbele kuliko za kweli. Hizo zilikuwa za Kiingereza.

Kwetu sisi mambo ni mazito zaidi. Khabari zilizo nzuri zimo katika intaneti, kama zile za Shirika la Afya Duniani na za Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, zilizoandikwa kwa uangalifu na kutiwa tarehe; lakini nyingi ni za Kiingereza, na Kiswahili kinachofika simuni mara nyingi ni kile cha muuza dawa. Mtu wa Pemba anayeambiwa aende Ocean Road, Dar es Salaam, anafikiria nauli ya boti, mahali pa kulala, na nani atakayebaki na watoto. Na daktari aliyemwambia hayo pengine alikuwa na foleni mlangoni, akasema maneno mawili matatu ya kitaalamu, basi. Twastaajabu nini mtu huyo akiisikiliza simu, ambayo ina wakati wa kutosha na inasema naye kwa lugha yake? Ndiyo maana wengi hufika Ocean Road maradhi yamekwisha kuenea. Twaziomba hospitali zetu zimpe kila mgonjwa wa saratani karatasi ya Kiswahili chepesi aende nayo nyumbani: ana saratani gani, imefika wapi, na aulize nini akirudi.

Ilikuwako huko Uswisi taasisi iliyoitwa Health On the Net, ambayo tangu miaka ya 1990 ilizipa alama kurasa za afya zilizotimiza masharti yake. Ilifungwa mwaka 2022. Kwa hiyo kila mtu sasa apambanue mwenyewe, na mkulima wa karafuu hajambo kwa kazi hiyo. Penye mizani, mnunuzi hatazami gunia kwa nje. Hutia mkono ndani, akatazama mpeta, makonyo na maji. Na khabari ya saratani itiwe mkono vivyo hivyo. Aliyeiandika ana jina, na kazi yake ni ipi? Ni ya mwaka gani? Waliopona ni watu, au ni chembe za maabara? Yasema dawa moja huponya saratani zote, hali saratani ni maradhi mengi yenye jina moja? Na chini kabisa, pana namba ya kupelekea fedha? Hilo la mwisho tungelitazama kwanza.

Mwanachama mwenye mgonjwa nyumbani asimfiche daktari anachompa, khasa mafuta na dawa zilizokolezwa. Na mwenye uvimbe usioondoka, au mwanamke anayetoka damu isiyo ya kawaida, aende hospitali wiki hii, asingoje kumaliza kuchuma.

Kuhusu pakiti, Chama kitaendelea kuandika juu yake daraja, uzito na mahali karafuu zilikotoka. Mwanachama aliyekwisha chapisha karatasi zenye neno la saratani aziondoe kabla ya kuleta mzigo, la sivyo mzigo wake hautapokewa.