Nani Amchague Mwalimu Mkuu?



Wengi wetu tuna watoto shuleni, na kila mara abadilishwapo mwalimu mkuu, habari twaipata kwa mtoto jioni: "Baba, tumeletewa mwingine." Ametoka wapi, kwa nini ameletwa hapa, hatukuulizwa. Kazi ya kuwaweka walimu wakuu ni ya Tume ya Kuwaajiri Walimu, T.S.C., na barua ikitoka imetoka.

Katika mji wa Chicago, Marekani, sivyo. Mwaka 1987 walimu wa huko waligoma siku 19 za masomo, na wazazi waliochoshwa na ugomvi wa wakubwa wakaungana kudai sauti katika shule zao. Mwaka 1988 Bunge la jimbo la Illinois lilipitisha sheria, na Oktoba 1989 shule zikapiga kura kuchagua mabaraza yao. Katika baraza la shule ya watoto wadogo wamo wazazi sita, wakazi wawili wa mtaa, walimu wawili, na mwalimu mkuu mwenyewe. Baadaye aliongezwa mfanyakazi mmoja asiye mwalimu. Hawalipwi hata senti. Tena mzazi haulizwi kama ni raia. Mgeni aliyekwenda kutafuta kazi apiga kura sawa na mwenyeji.

Baraza hilo ndilo limpalo mwalimu mkuu mkataba wa miaka minne. Mkataba ukikaribia kwisha, wanapima kazi yake na kuamua aendelee au aondoke. Akiondoka wanatangaza nafasi, wanasoma barua za waombaji, wanawahoji, kisha wale wachache waliobaki huitwa mbele ya wazazi na watu wa mtaa waulizwe maswali. Kura hupigwa katika mkutano wa wazi, na anayeshinda lazima apate kura saba. Lakini hawawezi kumwokota mtu yeyote njiani: ni lazima awe na cheti cha jimbo na awe amekwisha kukubaliwa na wakuu wa elimu wa mji.

Basi wako watakaosema, na sisi tufanye hivyohivyo kesho. Mimi nasema tungoje kidogo.

Walimu wazee wajua kwa nini. Kabla ya T.S.C. kuanza kazi mwaka 1967, mwalimu aliajiriwa na misheni huyu, na baraza la wilaya yule. Aliyekosana na mkubwa wa pale pale alikuwa hatarini, na kilio chake kiliishia pale pale. Ndiyo maana chama cha walimu, K.N.U.T., tangu kuundwa mwaka 1957 kilipigania mwajiri mmoja kwa walimu wote. Ushindi ule si wa kutupwa. Tukiwapa watu wa mahali madaraka yote, twajua wenyewe ni nani atakayekuja mbele: mwenye fedha, mwenye ukoo mkubwa, na yule anayetaka kiti cha siasa.

Hata Chicago penyewe shule nyingine hukosa wagombea wa kutosha wa baraza, na shule iliyowekwa chini ya uangalizi kwa matokeo mabaya yaweza kunyang'anywa haki ya kuchagua. Yaani haki hupungua pale pale penye shida kubwa, jambo ambalo mimi naliona kinyume.

Lakini kati ya kuchagua na kunyamaza pana nafasi. Kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kila shule ya serikali ina Halmashauri ya Usimamizi yenye wawakilishi wa wazazi. Kabla T.S.C. haijaandika barua, halmashauri hiyo iandike shule inahitaji mtu wa namna gani: mjuzi wa hesabu za fedha, au mwenye kuweza kurudisha nidhamu, au aliyezoea watoto wenye ulemavu. T.S.C. ibaki mwajiri, lakini ijibu kwa maandishi. Na mwalimu mkuu apimwe na wale anaowatumikia, si kwa matokeo ya mtihani peke yake.

La pili latuhusu sisi zaidi. Sheria ile imempa mwakilishi wa walimu kiti, lakini mpishi, karani, mlinzi na matroni hawana. Hawa ndio wajuao mahindi yameingia magunia mangapi na yamepikwa mangapi. Mwalimu mkuu mbaya wao humjua kwanza, nao ndio wa kwanza kufukuzwa. Chicago wamewapa kiti; sisi twangoja nini?

La tatu ni saa za mikutano. Mkutano wa wazazi ukiitwa saa nne asubuhi, aliye kiwandani hayupo, na mambo huamuliwa na wenye nafasi. Wenzetu wa Chicago wamekuwa wakiweka kura siku ile ile wazazi wanapokwenda kuchukua ripoti za watoto. Katika mapatano yetu na waajiri tudai ruhusa yenye malipo, japo nusu siku kila muhula, kwa mzazi aliyeitwa shuleni. Matawi yalete maoni kwa Katibu kabla ya mazungumzo ya mishahara kuanza.