Bei ya kukisia inawafilisi mafundi wa mtandao

Ofisi za vyama vya ushirika, SACCOS na wafanyabiashara wa kati sasa haziendi bila kompyuta zilizounganishwa. Korosho za msimu wa 2024/25, kwa mfano, ziliuzwa kwa minada ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Chama ambacho mtandao wake unakatika kila mara hakiwezi kuwahudumia vizuri wanachama katika biashara ya namna hiyo.

Mahitaji hayo yamewafungulia vijana wengi kazi ya kutandaza nyaya za mtandao maofisini. Wengi wao kazi wanaijua. Tatizo lipo kwenye bei. Akipigiwa simu, fundi huuliza "pointi ngapi?", huzidisha kwa bei inayotajwa mtaani na kutoa jibu papo hapo. Baada ya kazi tatu au nne mtaji umekatika na hajui ulikokwenda. Hana tofauti na mkulima anayeuza gunia la mahindi kwa bei ya mlangoni bila kuhesabu mbolea, palizi na jasho la familia yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Chukua mfano wa ofisi yenye pointi 24, kila moja ikiwa karibu mita 35 kutoka kwenye kabati la mitambo. Fundi mwenye haraka atazidisha na kupata mita 840. Kwa kuwa boksi la waya lina mita 305, atanunua maboksi matatu. Lakini waya hupanda ukutani, hukata kona na huachiwa akiba kwenye ncha zote mbili. Ikiongezwa asilimia 10, kila njia inafika mita 38.5. Hapo boksi moja linatoa njia saba tu, kwani ya nane inapungukiwa mita tatu, na waya huu haufai kuungwa katikati. Yanatakiwa maboksi manne. Fundi aliyekisia atanunua hilo la nne kwa faida yake mwenyewe.

Waya ni mwanzo tu. Kwa bei za mfano, vifaa vyote vikigharimu Sh2,600,000, ujira wa mafundi wawili na msaidizi kwa siku nne Sh500,000, usafiri na chakula Sh160,000 na kukodi kifaa cha kupimia Sh100,000, jumla ni Sh3,360,000. Asilimia 10 ya dharura ni Sh336,000. Sehemu ya pango, simu na leseni ya biashara ikiwa Sh304,000, gharama kamili inafika Sh4,000,000. Hapo faida bado.

Kwenye faida nako wengi huteleza. Anayetaka asilimia 20 ya bei ibaki mkononi hawezi kuipata kwa kuongeza asilimia 20 juu ya gharama. Akifanya hivyo atatoza Sh4,800,000, na faida yake itakuwa chini ya asilimia 17 ya bei. Anatakiwa kugawa gharama kwa 0.8, apate Sh5,000,000. Hesabu hii inamhusu pia muuza duka la pembejeo na mchuuzi wa nyanya.

Sasa aje mshindani na bei ya Sh150,000 kwa pointi. Kazi nzima itakuwa Sh3,600,000, pungufu ya gharama kwa Sh400,000. Ama atapata hasara, ama atafidia mahali ambapo mteja haoni. Mahali penyewe panajulikana: waya wa aluminiamu uliopakwa shaba badala ya shaba tupu, na kazi isiyopimwa. Waya huo hautimizi viwango vya nyaya za mtandao. Hukatika kwa urahisi na hupata joto zaidi unapopitisha umeme wa kuendeshea kamera. Kuutambua si kazi ngumu: ukikwanguliwa kwa wembe, ndani huonekana mweupe.

Kwa hiyo bodi ya ushirika inayochagua bei ya chini bila kuuliza kilichomo nayo inachezea fedha za wanachama. Idai orodha ya vifaa, aina ya waya, na matokeo ya kipimo cha kila pointi kabla ya malipo ya mwisho. Rahisi ni ghali.

Kwa upande wake, fundi asitaje bei kabla ya kufika. Aone kama kuta ni za zege au jipsamu, na kama atatakiwa kufanya kazi usiku ofisi ikiwa imefungwa. Apime pia njia ndefu kuliko zote, kwa sababu kiwango kinataka waya wa kudumu usizidi mita 90. Zaidi ya hapo panahitajika kabati jingine, na bei inabadilika.

Profoma yake iandike muda wa bei, kwa kuwa vifaa vingi hutoka nje na bei yake hufuata dola. Iandike pia malipo ya awali yanayotosha kununua vifaa. Bila hayo fundi ndiye anayemkopesha mteja, tena bila riba. Mteja akikata kodi ya zuio kwenye malipo ya huduma, fundi adai cheti chake, maana bila cheti hicho hawezi kudai kodi hiyo ihesabiwe mwisho wa mwaka.

Kupoteza kazi kwa sababu bei ni ya haki kunaumiza, lakini fundi hubaki na mtaji wa kusubiri kazi nyingine. Anayeipata kwa bei ya hasara huimaliza akiwa na deni dukani.